Camaro ya 1969 au Chevelle ya 1970? Soma kibao kabla ya kusikiliza injini

“Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Dallas, Texas, kazi yangu udereva wa malori. Tangu utotoni natamani gari la zamani la Kimarekani lenye nguvu, na sasa nimeweka akiba. Nimepata mawili, yote Chevrolet. La kwanza ni Camaro SS 396 ya mwaka 1969, dola 72,000. Muuzaji anasema ina nguvu za farasi 375, injini ni ya kiwandani na namba zote zinaoana, na ushahidi wake ni kibao kilicho kwenye ukuta wa injini chenye X11 na 04B. Namba ya gari inaanza na 124379N. La pili ni Chevelle SS 396 ya mwaka 1970, dola 54,000, namba inaanza na 136370R. Mwenyewe amesema wazi kuwa injini ilibadilishwa zamani, ila anayo karatasi ya kiwandani iliyokutwa juu ya tangi la mafuta, na imeandikwa Z25. Rafiki yangu alisoma namba za bloku akasema hiyo ni 402, si 396, kwa hiyo ni feki. Ananishauri nichukue Camaro kwa kuwa ni nyepesi na injini ni ileile. Mke wangu anataka Chevelle kwa sababu watoto wetu, wa miaka 6 na 9, wataenea nyuma. Tena tuna mpango wa kurudi kuishi Mombasa kwa wakwe zangu, na ningependa kwenda nalo. Nichukue lipi?”

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa fedha, maana wengi huniletea swali wakati gari liko tayari uani kwao. Umeuliza lipi zuri kati ya Camaro na Chevelle. Lakini nikiisoma barua yako taratibu, naona kinachokunyima usingizi ni kingine: usije ukalipa bei ya SS ya kweli (Super Sport, toleo lenye nguvu zaidi) ukaondoka na gari la kawaida lililobandikwa beji. Nitajibu yote mawili. Naanza na la pili, kwa sababu likishapata jibu, la kwanza linakuwa jepesi.

Kwanza Chevelle, kwa kuwa rafiki yako ameisingizia. Injini ya 396, yaani ujazo wa inchi 396 au lita 6.5, ilitoka mwaka 1965. Kwa magari ya mwaka 1970 Chevrolet walipanua tundu la silinda kutoka inchi 4.094 hadi 4.126, na ujazo ukapanda kufika 402. Jina la SS 396 lilikuwa limeshajijengea sifa, wakaona hakuna sababu ya kulibadilisha, beji ikabaki ileile. Injini hiyohiyo ya 402 ikiwekwa kwenye Chevelle isiyo SS iliuzwa kwa jina la Turbo-Jet 400. Kwa hiyo SS 396 ya mwaka 1970 yenye bloku ya 402 iko sawasawa. Ungeniambia imekutwa na 396 kamili, hapo ningeshtuka, maana bloku hiyo ingekuwa imetoka kwenye gari la miaka ya nyuma.

Karatasi ile ndiyo mali. Kiwandani kila gari lilipita kwenye mstari wa kuunganishia likiwa na orodha yake ya vifaa, na mafundi wakishamaliza waliiacha ndani ya gari: juu ya tangi la mafuta, chini ya kiti, popote. Zilizosalia ni chache, nyingi zimeliwa na unyevu na panya. Z25 ndiyo alama ya kifurushi cha SS 396 kwa mwaka huo; Z15 ilikuwa ya SS 454. Na karatasi hiyo ina uzito wa pekee kwa gari la 1970 kwa sababu namba ya gari peke yake haisemi kitu. Namba 13637 ni Chevelle Malibu ya milango miwili yenye injini ya V8 (silinda nane), iwe SS au isiwe. Kuanzia mwaka 1966 hadi 1968 SS 396 ilikuwa na namba yake, iliyoanza na 138, ukiiona unajua. Mwaka 1969 SS ikageuzwa kuwa kifurushi cha kuongeza kwenye gari la kawaida, na tangu hapo ushahidi ukahamia kwenye karatasi.

Usiipokee karatasi hiyo kwa sababu tu imechakaa. Iweke kando ya dashibodi, upande wa dereva, ambako namba ya gari husomeka kupitia kioo cha mbele, ulinganishe herufi kwa herufi. Mstari wa kiwandani haukuwa na nidhamu sana na karatasi hizi, na kuna gari lililokutwa na karatasi ya gari jirani. Karatasi ya Z25 yenye namba ya gari jingine haina maana kwako. Ikioana, una SS ya kweli iliyopoteza injini yake ya kwanza, na mwenye gari amekuwa mkweli kwako. Hiyo R, kwa taarifa yako, ni kiwanda cha Arlington, hapo kati ya Dallas na Fort Worth, ambacho mpaka leo kinatengeneza magari.

Sasa Camaro. Hapa nakuomba usome polepole.

Namba 124379N inasema hivi: 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, 37 ni milango miwili yenye paa la bati, 9 ni mwaka 1969, na N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Neno SS halimo humo, kama lisivyomo kwenye Chevelle. Lakini Norwood walikuwa na tabia moja inayotusaidia sana. Kuanzia Desemba 1968 waliandika kwenye kibao cha bodi alama inayoanza na X, na alama hiyo inaeleza gari lilitoka likiwa la aina gani. 04B ni wiki ya pili ya Aprili 1969, kwa hiyo gari lako limo ndani ya kipindi hicho. SS 396 iliandikwa X22 ikiwa na urembo wa ziada wa nje, au X66 ikiwa haina. Z/28, Camaro iliyoundwa kwa ajili ya mashindano, iliandikwa X33 au X77. X11 ni gari lenye urembo wa ziada, ambalo huenda ni SS ya injini ndogo ya 350 au ni Camaro ya V8 ya kawaida isiyo SS kabisa.

Maana yake ni kwamba kibao anachokuonyesha muuzaji kama ushahidi kinapingana na maneno yake. Sisemi anadanganya. Inawezekana naye aliuziwa hivyohivyo, akaamini, na X11 kwa masikio ya mtu asiyezoea inasikika kama kitu maalumu. Lakini gari lenye kibao hicho halikutoka Norwood na 396. Kama ndani mna injini kubwa leo, iliingizwa baadaye. Na kama namba kwenye injini hiyo “zinaoana” na za gari, swali linakuwa zito zaidi: nani alizigonga, na lini?

Nikueleze jinsi ya kutazama, maana hili unaweza kulifanya mwenyewe kwa tochi na kitambaa. Mbele ya hedi ya upande wa abiria, bloku ina sehemu ndogo bapa iliyogongwa namba. Kwa magari ya mwaka 1969 altaneta iko upande huohuo, kwa hiyo utalazimika kuinama na huenda kuilegeza. Safisha mafuta na vumbi, usisugue kwa msasa. Utaona mafungu mawili. Fungu moja linaanza na herufi ya kiwanda cha injini, likifuatiwa na mwezi, siku, na herufi za aina ya injini. Injini kubwa zote hizi zilitengenezwa Tonawanda, jimbo la New York, na zinaanza na T. V ni Flint, kwenye injini ndogo. Fungu la pili ni kipande cha namba ya gari, ambacho kwa lako kingeanza na 19N.

Halafu angalia chuma chenyewe chini ya namba. Mashine ya kiwandani iliyolainisha uso wa bloku iliacha mikwaruzo myembamba iliyonyooka, inayokwenda upande mmoja kutoka mbele kurudi nyuma. Namba halisi zimegongwa juu ya mikwaruzo hiyo. Bloku ikipelekwa kuchongwa uso upya, mikwaruzo inaondoka pamoja na namba za mwanzo. Ukikuta uso laini unaong’aa, au mikwaruzo ya mviringo, na namba zimekaa safi kupita umri wa gari, ujue zimegongwa upya. Na bloku yenyewe ina tarehe ya kumiminwa, ambamo A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea. Bloku ya gari la wiki ya pili ya Aprili 1969 inatakiwa iwe imemiminwa kabla ya hapo, Februari au Machi kwa mfano. Ikisoma E, yaani Mei, hakuna maelezo yatakayoiokoa.

Kuhusu farasi 375. Namba hiyo ni ya kweli kwa kipimo cha wakati wake, na kipimo chenyewe ndicho kinachowachanganya watu. Hadi mwaka 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu iliyopimwa injini ikiwa juu ya stendi, bila chujio la hewa, bila feni, altaneta haifanyi kazi, na moshi unatoka kwenye mabomba wazi. Kuanzia magari ya mwaka 1972 wakatangaza nguvu ya injini ikiwa na kila kitu chake, kama ilivyo ndani ya gari. Tofauti si ndogo. Mwaka 1971 Chevrolet walitoa namba zote mbili, na injini ya 454 iliyoitwa LS5 ilikuwa na farasi 365 kwa kipimo cha zamani na 285 kwa kipimo kipya. Ni injini ileile, mwaka uleule. Kwa hiyo usishangae ukipitwa kwenye barabara kuu na Toyota Camry ya kisasa ya silinda sita. Utamu wa injini hizi uko kwenye msukumo wa chini: unakanyaga kidogo tu na gari zima linajikusanya na kwenda, bila haja ya kuzungusha injini kwa kasi.

Halafu farasi 375 ni aina moja mahususi ya 396, inayoitwa L78. Ilikuwa na kabureta kubwa ya Holley, matundu makubwa ya hewa kwenye hedi, mgandamizo wa 11 kwa 1, na kamshafti ya mashindano ambayo valvu zake zinahitaji kurekebishwa nafasi mara kwa mara. L34 ya farasi 350, ambayo ndiyo iliyoingia kwenye SS 396 nyingi za mwaka 1970, ina mgandamizo wa 10.25 kwa 1, kabureta ya Rochester yenye tabia nzuri zaidi kwenye foleni, na valvu zinazojirekebisha zenyewe kwa mafuta. Kwa mtu anayetaka kutoka na familia Jumapili katika joto la Dallas, mimi ningechagua L34 hata kama zote mbili zingeuzwa bei moja. Mgandamizo mkubwa kwenye hedi za chuma unataka petroli ya okteni ya juu kuliko inayouzwa vituoni leo. Okteni 93 inaitosha L34 ikiwekewa taimingi vizuri. Kwenye L78 huwa unasikia injini ikigonga unapopanda mlima au ukiongeza mwendo ukiwa gia ya juu, na kugonga huko ni mafuta kuwaka kabla ya wakati wake, jambo linalotoboa pistoni.

Rafiki yako anasema injini ni ileile, kwa hiyo tofauti ni uzito. Hapa ndipo sikubaliani naye kabisa, na hapa ndipo uamuzi wako ulipo.

Camaro ilizaliwa kupambana na Mustang ya Ford iliyotoka Aprili 1964. Ilianza kuuzwa Septemba 1966 kama gari la mwaka 1967. Haina chesisi kamili. Kuanzia ukuta wa injini kurudi nyuma bodi inajibeba yenyewe, na mbele imefungwa fremu fupi kwa boliti kupitia raba. Fremu hiyo ndiyo inayobeba injini, giaboksi na magurudumu ya mbele. Nyuma ina springi za bapa. Chevelle ilianza na magari ya mwaka 1964 kama gari la familia la ukubwa wa kati, ndugu wa Pontiac GTO. Yenyewe ina chesisi kamili kutoka mbele hadi nyuma, bodi imekaa juu yake, na springi za mviringo pembe zote nne, huku ekseli ya nyuma ikishikwa na mikono minne. Umbali wa ekseli hadi ekseli ni inchi 108 kwa Camaro na 112 kwa Chevelle, na Chevelle inaizidi Camaro uzito kwa zaidi ya kilo 100.

Ukiweka injini kubwa ya chuma kwenye Camaro, kilo 50 hivi zaidi ya injini ndogo, uzito wote huo unaangukia juu ya magurudumu ya mbele ya gari ambalo uzuri wake ulikuwa wepesi wa pua. Kwenye kona inataka kwenda moja kwa moja. Ukikanyaga kwa nguvu, springi za bapa zinajikunja na ekseli ya nyuma inarukaruka; kuanzia mwaka 1968 waliweka shokoabzoba moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake ili kupunguza hilo, na ilisaidia kiasi. Ndiyo maana Camaro iliyoshinda mashindano ya Trans-Am mwaka 1968 na 1969, ikiendeshwa na Mark Donohue, ilikuwa Z/28 yenye injini ndogo ya inchi 302. Sheria za mashindano hayo zilikuwa na kikomo cha lita 5, ni kweli, lakini gari lile lilipendeza pia kwa sababu ya injini hiyo ndogo. Mtu akitaka Camaro ya kuendesha kwa raha, mimi humwambia atafute ya 350. Chevelle imeumbwa kubeba uzito. Haipendi kona kali hata hivyo, lakini kwenye barabara ndefu za Texas inatulia, haichoshi, na nyuma wanakaa watu.

Kuna jambo moja la Camaro lazima ulijue hata kama hutainunua hii. Injini imekalia raba mbili pembeni. Raba ya zamani ikichanika, ukikanyaga mafuta injini inajiinua upande mmoja, na ikijiinua inavuta vyuma vya kabureta, mafuta yanafunguka zaidi badala ya kupungua. Gari linaongeza mwendo peke yake wakati mguu wako umeshaondoka. Desemba 1971 General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, waliita magari ya Chevrolet karibu milioni 6.7 kwa tatizo hilo, Camaro za mwaka 1967 hadi 1969 zikiwemo, na dawa waliyoweka ilikuwa waya wa kuizuia injini isiinuke. Siku hizi zinauzwa raba ambazo vyuma vyake vimeshikana, hata raba ikikatika injini haitoki. Camaro yoyote utakayoipenda, uliza ina raba za aina gani.

Adui mkubwa kuliko yote haya ni kutu. Injini inafufuliwa na fundi yeyote mzuri, vipuri vyake vimejaa. Bodi iliyooza inakula fedha bila kushiba. Kwenye Camaro tazama sehemu ya chini ya kioo cha mbele, ndani ya matundu ya kuingizia hewa. Majani hukusanyika humo, maji yanakaa, bati linaoza kwa ndani, na dalili ya kwanza ni zulia la mbele kuwa na unyevu. Tazama sakafu, na tazama pale fremu ya mbele inapofungwa kwenye bodi: raba zikiwa zimekwisha au bati likiwa limelika, mlango hautakaa sawa na mstari wake. Kwenye Chevelle, kutu hupenda mfereji wa kioo cha nyuma, hasa kama paa liliwahi kuvalishwa vinaili, kisha maji yanateremka kwenye buti. Ingia chini ukiwa na tochi, ufuate chesisi hadi inapopanda kuvuka ekseli ya nyuma. Matope hukwama hapo. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Kwenye mabawa ya nyuma pitisha sumaku iliyofunikwa kitambaa laini. Mahali isipong’ang’ania pana puti nene chini ya rangi. Chevelle yako ikiwa na chesisi iliyolika pale nyuma, karatasi ya Z25 haitakusaidia barabarani, na bei ile lazima izungumzwe upya hapohapo.

Kuhusu watoto, mke wako ana hoja, lakini nafasi si jibu kamili. Magari yote mawili yana mikanda ya begani mbele tu. Nyuma ni mkanda wa kiunoni peke yake. Sheria ya Texas inataka mtoto wa chini ya miaka 8 ambaye hajafika futi 4 na inchi 9 akae kwenye kiti cha watoto, na viti vya kuwainua watoto wa umri wa hawa wako vimetengenezwa kutumika na mkanda unaopita begani. Kwa mkanda wa kiunoni tu, gari likigongwa mtoto anajikunja katikati na mkanda unamkata tumbo. Usiwabebe nyuma mpaka umefungiwa mikanda ya pointi tatu na fundi anayejua kuimarisha mahali inaposhikia bodi. Kutoboa bati na kukaza boliti si kazi hiyo. Kwenye Chevelle kazi hii ina nafasi ya kufanyika vizuri, na watoto wakishakua bado watakaa.

Mambo madogo ya utunzaji nitayapitia upesi. Kamshafti za wakati ule zinasuguana na vikombe vya valvu uso kwa uso, na zinahitaji mafuta yenye zinki ya kutosha. Mafuta mengi ya magari ya kisasa yameipunguza, kwa hiyo nunua yaliyoandikwa kuwa ni ya injini za zamani. Mipira ya mafuta ya petroli ibadilishwe yote iwe ya kuvumilia ethanoli. Redieta iwe ya ukubwa wa injini kubwa na feni iwe na kizingira chake cha plastiki. Wengi hukitoa kizingira ili injini ipendeze, kisha wanalalamika gari linachemka kwenye taa. Petroli isiyo na risasi isikutie hofu kwa matembezi ya wikendi. Siku hedi zitakapofunguliwa, weka viti vya valvu vya chuma kigumu. Bima chukua ya thamani mliyokubaliana na kampuni kwa maandishi, kwani bima ya kawaida itakulipa kama gari kuukuu.

Mombasa hapana. Najua si jibu ulilotaka, ila Kenya haipokei gari la kuagiza lililozidi miaka 8, wala la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, na haya mawili yana zaidi ya miaka 50 na usukani kushoto. Atakayekuahidi kupitisha bandarini kwa njia zake anakutafutia hasara. Nunua gari la kufurahia Texas, na siku ya kurudi ukiwa nalo katika hali nzuri utaliuza hukohuko, ambako mnunuzi hakosekani. Hiyo nayo ni sababu ya kutaka gari ambalo karatasi zake hazina ubishi.

Lipi, basi? Kwa bei ya dola 72,000 Camaro hii ningeiacha. Bei hiyo ni ya SS 396 yenye uthibitisho, na kibao chake kinasema haikuwa hivyo. Hata mwenyewe akikubali na kuishusha, bado kuna namba kwenye injini zinazohitaji kuelezwa, na wewe ndiye utakayekuja kuulizwa siku ya kuuza. Kama unaipenda kwa sura tu, na wengi tunaipenda, basi thamani yake ni ya Camaro ya X11 yenye injini iliyobadilishwa, wala isizidi. Chevelle ndiyo ningeikagua kwanza. Kupoteza injini ya mwanzo kunaishusha thamani, na tayari mwenyewe ameliweka wazi hilo. Kwa hiyo mazungumzo ya bei yawe juu ya kutu na juu ya injini iliyomo sasa. Muulize ni ya aina gani, ilifunguliwa lini, nani aliifunga, risiti ziko wapi. Injini ya 402 yenye risiti za fundi ni bora kwako kuliko namba zinazooana ambazo hakuna anayeweza kuzisimamia.

Mimi nimesoma barua tu, sijaligusa gari. Kwa fedha kiasi hiki mlipe mkaguzi wa kujitegemea anayezijua Chevrolet za miaka hiyo, asiyemjua muuzaji yeyote kati ya hawa, na gari linyanyuliwe juu mbele yako. Akague mgandamizo wa kila silinda, breki, chesisi, unene wa rangi, na karatasi ya Z25 akiwa ameishika mkononi. Namba kwenye hati ya umiliki lazima ilingane na ya kwenye dashibodi, na kibao cha dashibodi kiwe kimefungwa kwa ribiti za kiwandani zenye sura ya ua. Ribiti za kawaida, gundi, au kibao kilichopinda ni sababu ya kuondoka hapo bila kujadiliana, kwa sababu polisi wanaweza kulikamata gari la namna hiyo hata kama ulilinunua kwa nia njema. Na ukiendelea kuitamani Camaro, mwambie mkaguzi atafute kipande cha namba kilichogongwa mahali pa kificho: kimoja kiko juu ya ukuta wa injini chini ya bati la kuingizia hewa upande wa abiria, kingine nyuma ya kasha la hita. Muuzaji akikataa kufunguliwa sehemu hizo, usimpe hata arbuni.

Ukishapata picha za ile sehemu bapa ya injini, za chesisi ya Chevelle pale juu ya ekseli, na za karatasi ya Z25 pande zote mbili, niandikie tena. Zipige kwa mwanga wa mchana, na tochi uielekeze kutoka ubavuni, ndipo mikwaruzo huonekana.